Kuhamisha Namba ya Mume Wangu

Mama wa manunuzi wa hoteli moja ya Westlands hakunikaripia, na hilo ndilo lililonitia hofu. Anayekukaripia bado anakuhitaji. Yeye alinivutia kiti, akaniuliza kama ningependa chai, kisha akageuza kompyuta yake ili nione picha ya masinia yaliyojaa mbavu za mbuzi.

"Hii ndiyo mlituletea Saturday," alisema. "Na harusi ilikuwa inataka miguu. Chef alibadilisha oda, akamtumia mzee voice note mapema kabisa. Haikusikika?"

Haikuwa imesikika. Ujumbe ule niliukuta adhuhuri, umefunikwa na mingine, wakati mbavu zilikuwa tayari motoni. Nilisema mtandao ulisumbua. Nairobi hii mtandao hubebeshwa lawama nyingi zisizo zake.

"Mama, nyama yenu haina shida," aliendelea. "Nyama ni poa sana. Lakini hatuwezi endelea na supplier wa voice note. Management wanataka oda iandikwe, ijibiwe kwa maandishi, ikae mahali kila mtu anaiona. Supplier wengine wote wako na system. Ikifika mwisho wa mwezi na nyinyi bado, nitapatia mtu mwingine hiyo kazi. Usinichukie, tafadhali."

Nikasema sitamchukia. Nikasema tuko mbioni kuchagua mfumo, maneno ambayo niliyatunga nikiwa nimeshika kikombe chake. Hoteli ile ndiyo iliyoshikilia biashara yetu. Vibanda vya nyama choma na mabaa vilisaidia, lakini hoteli ikiondoka, pikapu haina sababu ya kuwashwa.

"Na umsalimie mzee," aliniambia nikiwa mlangoni. "Mwambie siku hizi amenyamaza sana."

"Nitamwambia," nikajibu.

Mume wangu tulikuwa tumemzika tangu mvua ndefu.

Biashara yetu ni kusambaza nyama. Alfajiri mume wangu na ndugu yake walikuwa machinjioni Dagoretti, wakichagua mbuzi na ng'ombe kabla muhuri wa mkaguzi haujakauka, kisha pikapu yenye sanduku la bati inaondoka na nyama kuelekea Westlands. Mimi nilikuwa karani wa shule. Nyumbani kwetu, mtaa wa Jamhuri, nilimwandikia ankara jioni, basi. Wateja sikuwajua. Wateja walikuwa ndani ya simu yake, na simu ilikuwa ndani ya koti lake jeupe, na mikono yake ilikuwa na damu. Ndiyo sababu hakuwa mtu wa kuandika. Alibonyeza kwa kifundo cha kidole, akaongea. Wapishi nao mikono yao ina unga na mafuta, wakamjibu kwa kuongea. Miaka yote biashara ilikwenda hivyo, sauti kwa sauti, kwenye ile programu ya ujumbe ya kijani ambayo Nairobi nzima inauzia kila kitu, kuanzia vitunguu hadi ploti.

Kisha presha ikamwangusha palepale machinjioni, akiwa amevaa gambuti.

Wenzetu wa kazi walikuja matangani, wakala, wakatupa pole, na kabla hatujazika baadhi yao walikuwa wameshawapigia wale wateja wetu waliowajua. Waliotubakia ni wale wasiojulikana na mtu, wapishi wa mahoteli ambao hawakuwahi kumwona mume wangu kwa macho. Wao walijua namba tu. Siku ya pili baada ya mazishi namba ile ikapokea ujumbe: mpishi anataka mbuzi wawili na maini. Niliutazama. Shemeji alikuwa ameketi mbele yangu, macho mekundu, akisubiri niseme jambo. Nikaandika, "Sawa boss." Shemeji akainuka akaenda kutafuta mbuzi.

Sitaomba radhi kwa hilo. Watoto walikuwa shuleni, shemeji ana nyumba yake, dereva ana yake. Kama ningetangaza msiba, kufikia jioni ningebaki na rambirambi na pikapu tupu. Basi nikawa yeye, kwa maandishi. Wapishi walishangaa. Mmoja aliniandikia, "Mzee siku hizi unatype kama headmaster. Sauti ilienda wapi?" Nikajibu koo linaniuma. Walipopiga simu sikupokea, niliandika kwamba kuna kelele machinjioni. Koo likauma muhula mzima. Na kila asubuhi sauti zao zikaingia mfululizo, fupi na ndefu, zingine zikisahihisha zilizotangulia, nami nikiwa barabarani na dereva, simu sikioni, nikijaribu kukumbuka nani amesema nini. Ndivyo harusi ya watu ilivyolishwa mbavu.

Kwa hiyo nilianza kutafuta mfumo wa kutunza wateja.

Mahali pa kwanza palikuwa ghorofa ya vioo Westlands. Nilikuwa nimetoka kupeleka nyama, nikajipulizia manukato mengi kupita kiasi, na kwenye lifti watu walivuta pumzi kwa tahadhari. Kijana aliyenipokea alikuwa na viatu vyembamba na kidude cha kubadilisha picha ukutani.

"Kwanza, madam, tuielewe customer journey yako," alisema. "Mteja wako anasafiri aje mpaka akufikie?"

"Mteja wangu hasafiri," nikamwambia. "Nyama ndiyo inasafiri."

Akacheka kile kicheko cha mikutanoni. Akanionyesha mchoro kama faneli ya kumiminia mafuta ya taa, watu wengi juu, wachache chini, kila mteja amewekwa kwenye hatua yake: anayenyemelewa, anayebembelezwa, aliyepatikana, aliyepotea. Waliopotea walikuwa na rangi nyekundu. Niliuliza kama mfumo huo unaweza kusikiliza sauti, mtu akiongea Kiswahili cha machinjioni huku msumeno wa mifupa unalia nyuma yake. Alisema mfumo unaweza kuunganishwa na chochote. Nikamuuliza tena, pole pole, kama unaweza. Akaandika swali langu kwenye kompyuta na kuahidi kunirudia. Bei yenyewe ilikuwa kwa dola, na kwa kila kichwa kitakachougusa.

Niliketi ndani ya pikapu kule chini maegeshoni nikalia. Nililia kwa hasira zaidi ya huzuni. Nilimkasirikia yule kijana, nikamkasirikia mama wa manunuzi kwa upole wake, na zaidi ya wote nikamkasirikia mume wangu. Mtu mzima unajengaje biashara ya familia nzima juu ya ulimi wako mwenyewe? Uliona utaishi milele? Dereva aligeuza uso akajifanya anasoma tiketi ya maegesho. Alikuwa mtu mwenye adabu.

Mahali pa pili palikuwa katikati ya jiji, juu ya vibanda vya kuuzia nguo, ngazi nyembamba za kupishana kwa ubavu. Mwenye ofisi alikuwa mcheshi, na bei yake ilinipa moyo. Alinikalisha mbele ya kompyuta nijaribu mwenyewe. Nikaanza na meneja wa baa moja ya Westlands. Jina, sawa. Simu, sawa. Halafu mfumo ukataka kujua kama mteja ameokoka.

"Hii ni nini?"

"Aah, mama, hiyo usijali," alisema. "Hii system tulitengenezea kanisa kwanza. Weka tu ndiyo."

Nikaweka ndiyo, Mungu anisamehe, maana namjua yule meneja. Ukataka tarehe ya ubatizo, na bila tarehe haukusogea. Ukataka pia kikundi chake cha maombi. Nilipofika mahali pa oda ya nyama nikakuta pameandikwa "Matoleo."

"Tutakubadilishia yote," alisema. "Tupatie mwezi moja hivi."

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu mvua ndefu, nikacheka mpaka akaanza kuniangalia kwa wasiwasi. Mwezi ndio hasa sikuwa nao. Kwenye ngazi kicheko kikakauka. Nilikuwa nimekwisha kuwaza jinsi nitakavyomwambia shemeji, na maneno nitakayotumia kumwomba mwalimu mkuu anirudishe kwenye ile kazi ya ukarani.

Wa tatu nilimpata kwa kuambiwa na mwenye duka la dawa Westlands, maana ofisi ya huyo wa tatu iko juu ya duka hilo. Alikuwa fundi wa mifumo, mwanamke wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, amefunga kitambaa kichwani, na hakuwa na picha za ukutani. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mnaongea na wateja aje?"

Nikatoa simu ya mume wangu nikaiweka mezani. Ilikuwa na ufa kwenye kioo na mafuta kwenye pembe ambayo sikuyafuta. Akaipitia, akaona zile sauti zilizopangana kama matofali, zangu hakuna, za mume wangu mpaka mvua ndefu, kisha maandishi yangu makavu.

"Mzee aliaga?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Pole sana, madam. Na customers hawajui."

"Wengine hawajui."

Alinieleza. Mfumo wake ungepokea ujumbe wote wa namba ile. Oda ingegeuzwa maandishi, mimi, shemeji na dereva tungeona kitu kimoja, na mama wa manunuzi angepata jibu lake lililoandikwa. Kila mteja angekuwa na ukurasa wake wa kueleza anachopenda na asichotaka. Nilianza kupumua. Ndipo akainua mkono.

"Lakini kuna kitu lazima nikuambie kabla tuanze. Kwa system yetu, number haiwezi kuwa kwa simu na kwa system at the same time. Lazima tufute account kwa hii simu. Chats zote zinaenda."

"Zinaenda wapi?"

"Zinaenda tu, madam. Zimeenda."

Nikamuuliza kuhusu sauti za mume wangu. Alisema faili za sauti zinaweza kubaki ndani ya simu, angeninakilia, lakini zingekuwa zimechanganyika zote pamoja bila jina la mtu. Ningemsikia mume wangu akiongea na nisijue anaongea na nani.

"Si utumie number mpya?" aliuliza. "Hii ukae nayo."

Hilo nilikuwa nimelijaribu, na aibu yake bado naisikia. Nilinunua laini mpya nikawaandikia wateja: hii ndiyo namba yetu mpya ya oda, ile ya zamani haitatumika. Sasa mtu yeyote wa Nairobi anajua ujumbe wa aina hiyo hutoka kwa nani. Hutoka kwa matapeli. Wapishi wakaifungia laini hiyo mmoja baada ya mwingine. Kisha simu ya mume wangu ikaanza kulia mezani, wakimwonya: "Mzee, chunga, kuna conman anatumia jina yako." Mmoja alitukana tapeli huyo matusi mapana sana. Nami, tapeli mwenyewe, nikaandika kutoka kwa namba ya marehemu, "Asante boss. Nitafuatilia." Laini mpya niliitupa kwenye droo ya vijiko.

Kwa hiyo ilikuwa ama namba hiyo au hapana. Fundi aliniambia niende nikafikirie. Nikamwambia sina la kufikiria, nina mwisho wa mwezi, aanze kuandaa kurasa. Nilipotoka pale dereva akanifungulia mlango wa pikapu.

Shemeji alikasirika. Alikuja Jamhuri na nguo zake za kazi, akakataa kuketi.

"Shem, ukifuta hiyo simu tutakuwa tumemzika mara ya pili."

"Basi hii ya pili nitazika peke yangu," nikamwambia. "Wewe endelea kuchagua mbuzi."

Niliona imemchoma. Alisimama kidogo, kisha akaomba asikie sauti moja, moja tu, kabla hazijaenda. Nikafungua ya kwanza niliyoigusa. Mume wangu alikuwa akimwambia mtu kwamba maini hakuna leo, daktari wa mifugo ameyakataa, na yeye hawezi kumpa mtu maini yaliyokataliwa hata akilia. Nyuma yake shemeji mwenyewe alisikika akiitana na wenzake juu ya shoka. Alipoisikia sauti yake mwenyewe, akatoka bila kuaga.

Baada ya hapo nikaanza kazi ambayo simtakii mtu. Kila nikirudi kutoka kusambaza, naketi kwenye meza ya chakula, vipokea sauti masikioni, namfungua mteja mmoja baada ya mwingine, namsikiliza mume wangu, na ninaandika. Anapenda mbuzi wa malisho makavu, si wa shambani. Hataki mbavu zilizokatwa kwa shoka, anataka msumeno. Huyu usimpelekee figo bila kumwuliza. Huyu akisema haraka si haraka, akinyamaza ndiyo haraka. Nilikuwa nachukua sauti ya mtu na kuifanya sentensi za karani, na nikimaliza ukurasa mmoja najua kwamba nimempunguzia sababu ya kubaki.

Kuna jambo lililoniuma ambalo sikulitarajia. Alikuwa na sauti mbili. Ile niliyoijua mimi ilikuwa ya jioni, ya mtu aliyeamka na majogoo, anayejibu "mmh" na "sawa" na kulala kwenye kochi na soksi. Hii ya simuni ilikuwa changamfu. Aliwatania. Aliwauliza habari za mama zao wagonjwa. Mpishi wa ile hoteli alipokuwa na hofu ya wageni wengi, mume wangu alimwambia taratibu, "Chef wangu, sikia, hii mbuzi ni ya Kajiado, usiiharakishe moto, ikae, itajiongelea yenyewe. Wewe tulia tu." Nilirudia hiyo mara nyingi. Mimi pia nilikuwa na siku za hofu. Wateja walipata mume mzuri asubuhi, mimi nililetewa mabaki. Nilikuwa na wivu na wapishi. Nilikuwa namlilia na kumgombeza kwenye meza ileile, na watoto waliporudi kutoka shule walinikuta macho yamevimba, wakajifunza kujipakulia wenyewe.

Wateja wengine niliwaacha kwanza, si kwa sababu hawakuwa muhimu. Nilikuwa nachelewesha. Fundi alinipigia kwa upole kuniuliza nimefika wapi. Mama wa manunuzi akaniandikia kuniuliza kama ajitayarishe. Nikamaliza.

Siku yenyewe fundi alikuwa ameweka kiti cha pili kando yake. Tulianza na majina. Mfumo ungechukua majina yote kutoka kitabu cha simu cha mume wangu, na kila mteja angepokea ujumbe wa kwanza unaoanza na "Habari" na jina lake.

"Yatatoka vile alisave," alinionya. "Wacha tuangalie haraka haraka kama kuna yenye shida."

Shida ilikuwepo. Mume wangu hakuhifadhi watu kwa majina ya kwenye vitambulisho. Tulimkuta Mchoyo Westlands, tukamkuta Matumbo Tu, na Baa Ya Wazimu, na Lipa Kwanza. Fundi alicheka mpaka kitambaa kikalegea, nami nikacheka naye huku nikisahihisha wale ambao wangetuacha kwa hasira. Chef Kelele tulimwachia jina lake, shemeji alishasema ndivyo anavyojiita mwenyewe. Wengine tuliwapita, orodha ilikuwa ndefu.

Kisha ujumbe wenyewe. Fundi alikuwa ameniandalia mmoja mzuri wenye maneno kama kuboresha huduma na mteja wetu mpendwa. Niliufuta. Nilichoka kuwa na koo linalouma. Kama wataondoka, waondoke wakijua wanamwacha nani. Niliandika: "Aliyekuwa akikujibu kwa sauti alifariki. Mimi ni mke wake. Nyama ni ileile na tutaileta alfajiri kama kawaida. Tafadhali andika oda yako hapa."

"Uko sure?" fundi aliuliza.

"Hapana. Tuma tukishamaliza na simu."

Aliomba simu. Nikamwambia nitabonyeza mwenyewe. Nikaingia mahali pa kufuta akaunti, na kabla ya kukubali, programu ikaniuliza kwa nini unaondoka, ikanipa majibu ya kuchagua. Unabadilisha simu? Unaondoka kwa muda tu? Nilitafuta linalofaa nikalikosa. Nikachagua "Sababu nyingine." Ukurasa ukawa mweupe, ukanikaribisha kana kwamba ni simu mpya kutoka dukani, ukaniomba niweke namba ili nianze. Sikuwa nimejua kwamba ingekuwa haraka hivyo. Nilidhani hata ingezunguka zunguka kidogo.

Fundi hakunitazama usoni, na namshukuru kwa hilo. Aliiunganisha namba na mfumo, akaweka alama yetu ya kichwa cha mbuzi mahali palipokuwa na picha ya mume wangu, akatuma.

Kwa kitambo hakuna aliyejibu. Nilishika kingo za meza. Niliwaona wote, jikoni zote za Westlands, wakisoma na kutazamana, wakisema kumbe tumekuwa tukidanganywa, wakipiga namba za watu wengine. Nilimwambia fundi, kwa sauti ambayo sikuitambua, kwamba nimeua biashara. Akasema tungoje.

Kisha wakaanza kuingia. Pole. Pole sana mama. Mwingine aliuliza kama huyu si yule conman. Wawili walisema wazi kwamba wataangalia mahali pengine, na hawakurudi tena. Chef Kelele, ambaye ndiye mpishi wa ile hoteli, hakuandika. Alituma sauti. Fundi akaicheza kwenye kompyuta. Kwanza tulisikia masufuria tu.

"Aki mama," alisema mwishowe. "Kwa hivyo ni wewe umekuwa ukiandika hii time yote. Hata sijui niseme nini. Mzee alikuwa mtu wangu." Masufuria tena. "Pole. Kesho nipee miguu. Miguu, si mbavu."

Fundi akaandika oda ile, ikaenda kwa mama wa manunuzi, na jibu lake likarudi likiwa limeandikwa: amepokea, ametuweka kwenye orodha ya wasambazaji, na anatupa pole. Fundi akapiga makofi. Tulikuwa tumebaki na hoteli. Nilijua napaswa kufurahi na nikajaribu, nikampigia shemeji nikamwambia atafute miguu ya mbuzi.

Nilikuwa nimekata simu tu ulipoingia ujumbe kwenye simu yangu mwenyewe. Nikatazama. Juu kabisa, kwenye jina la mume wangu, palikuwa na ujumbe mpya. Nakwambia kweli, nilisimama. Kwa ule muda mdogo mwili wangu wote uliamini kwamba ameniandikia. Kisha nikaona kichwa cha mbuzi mahali pa uso wake, nikafungua.

"Habari Mama Watoto. Aliyekuwa akikujibu kwa sauti alifariki."

Siku ile ya machinjioni shemeji alinipigia akasema njoo tu. Hospitalini wakaniambia nikae kwanza. Nyumbani wanawake wa kanisa walinipokea mlangoni, wakanishika mikono, wakaimba. Nilielewa, bila shaka nilielewa, lakini hakuna mtu aliyewahi kunitamkia neno lenyewe. Sasa nilikuwa nimeambiwa na namba yake, kwa maneno yangu mwenyewe.

Nililia kwa sauti kubwa, mpaka mwenye duka la dawa akapanda juu kuuliza kuna nini. Fundi alinishika bega. Niliponyamaza nikasikia anauliza kama kuna mteja aliyenikosea adabu. Nikamwonyesha simu. Alisoma, akafunika mdomo, kisha akageukia kompyuta yake akatafuta jina langu kwenye orodha.

"Pole, madam, hatukuona," alisema. "Ngoja nikutoe kwa customers."

Nikamwambia aniache hapo hapo.